Dawa ikipotea, imeisha au imehama? Kuifuata molekuli kwa kaboni-14 na GC-MS

Tuanze na swali dogo. Mkulima amepulizia dawa ya wadudu kwenye nyanya zake. Wiki mbili baadaye nyanya zimeshashuka Kariakoo, zimepangwa mafungu, na wewe umesimama pale unauliza bei. Tuseme kuna mtu kachukua nyanya chache akazipeleka maabara, na majibu yamerudi: dawa haikuonekana. Je, dawa imeisha?

Wengi tungesema ndiyo, tukalipa, tukaondoka. Lakini kwa mkemia neno "haikuonekana" bado halijajibu swali. Dawa inaweza isionekane kwa sababu nne tofauti kabisa:

- Imevunjwavunjwa na jua na vijidudu mpaka ikabaki hewa ya kabonidioksaidi, maji na chumvichumvi. Hii ndiyo imeisha kweli.
- Imepaa hewani ikaenda kutua kwingine: shamba la jirani, mtoni, baharini.
- Imebadilika kidogo ikawa kemikali nyingine yenye jina lingine, ambayo mashine haikuambiwa iitafute.
- Imeng'ang'ania ndani ya udongo au ndani ya mmea kiasi kwamba viyeyusho vya maabara haviwezi kuing'oa.

Ya kwanza ni habari njema. Hizo tatu nyingine ni dawa iliyohama tu. Leo tunaeleza jinsi wanasayansi wanavyozitofautisha, na kwa nini hata mashine ya bei mbaya kuliko zote pale maabara haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake.

Vikuge: kwa macho pasafi, kwa mashine balaa

Kisa cha kweli hakiko mbali. Ukitoka Kariakoo ukashika Barabara ya Morogoro unafika Kibaha, na huko ndiko liliko shamba la Vikuge. Miaka ya 1980 shehena kubwa ya viuatilifu iliyoletwa nchini kama msaada ilihifadhiwa kwenye banda shambani hapo. Banda likaanguka. Baadaye mabaki yaliyoonekana yakaondolewa, na mtu aliyepita pale angeweza kusema kazi imekwisha.

Watafiti waliporudi kupima, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2004 yalisema vingine. Udongo wa juu ulikuwa na DDT na jamaa zake mpaka asilimia 28. Soma tena hiyo namba: kwenye sehemu iliyochafuka zaidi, kilo moja ya "udongo" ilikuwa na karibu gramu 280 za DDT na mazao yake. Kulikuwa pia na HCH, kiuatilifu kingine cha jamii hiyo ya klorini, mpaka asilimia 6. Mabaki yalipatikana hadi kina cha sentimita 50, na kwenye sampuli za maji kulikuwa na viuatilifu vya klorini hadi maikrogramu 30 kwa lita.

DDT unaifahamu kwa jina. Mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Sifa iliyoipa umaarufu ndiyo hiyo hiyo iliyoiponza: haivunjiki upesi, inapenda mafuta, na inajilimbikiza kwenye miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004 uliibana, ukaacha mlango mdogo kwa ajili ya kupambana na mbu wa malaria.

Kwa hiyo Vikuge inatupa swali zuri: ile DDT ambayo haipo tena kwenye udongo ilienda wapi? Na tungejuaje?

GC-MS kwa lugha ya Mtaa wa Kongo

Chombo cha kwanza ni GC-MS, yaani mashine mbili zilizounganishwa: kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi.

Fikiria Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi. Watu mia wanaingia kwa pamoja upande mmoja. Yule asiye na shida na kitu anapenya haraka, anatokea upande wa pili. Yule anayesimama kila meza kuuliza bei ya viatu anatoka amechelewa. Wote walianza pamoja, ila mtaa wenyewe umewatenganisha kwa tabia zao.

Kromatografia ya gesi inafanya hivyo hivyo. Mtaa ni mrija mwembamba sana, kipenyo cha ndani mara nyingi robo milimita, urefu kama mita 30, umezungushwa kama koili ndani ya tanuri. Ukuta wake wa ndani umepakwa utando unaozing'ang'ania molekuli. Gesi kama heliamu inasukuma mvuke wa sampuli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Molekuli zinazoushika utando kwa nguvu zinachelewa, zisizoushika zinawahi. Kila aina inatoka kwa dakika yake. (Sharti ni moja: molekuli iweze kuwa mvuke bila kuungua. DDT inaweza. Sukari haiwezi mpaka uibadilishe kwanza.)

Mwisho wa mtaa kuna mizani, ndiyo spektrometa ya masi. Hapo kila molekuli inapigwa na elektroni ikiwa ndani ya ombwe, inapata chaji na kupasuka vipande. Nguvu za umeme zinachambua vipande hivyo kwa uzito. DDT ikipasuka hupoteza kichwa chake chenye klorini tatu, na kipande kikubwa kinachobaki kina uzito wa 235. Ukiona kitu kimetoka kwa dakika ile ile ya DDT, na kina vipande vile vile vya DDT, unaweza kusema kwa ujasiri: huyu ni yeye.

GC-MS ni shahidi mzuri sana wa kitu kilichopo. Shida yake ni kwamba haijui historia. Ikiona DDE, ambayo ni DDT iliyopoteza haidrojeni moja na klorini moja, haiwezi kukuambia kama DDE ile imetokana na DDT uliyoweka wewe juzi au iliyowekwa na mtu mwingine mwaka 1986. Na DDT iliyopaa hewani au iliyojifungia kwenye udongo haifiki kwenye mashine kabisa. Kwa mashine ni kama haikuwahi kuwepo.

Kuitia molekuli alama

Hapa ndipo kaboni-14 inapoingia. Iligunduliwa mwaka 1940 na Martin Kamen na Sam Ruben kule Berkeley, Marekani. Kaboni ya kawaida ina uzito wa 12. Hii ina nyutroni mbili za ziada, kwa hiyo 14. Kikemia ni ile ile. Ukitengeneza DDT ukabadilisha kaboni moja kwa kaboni-14, unapata DDT inayoua mdudu vile vile, inayopaa vile vile, na inayopita kwenye mrija wa GC kwa dakika ile ile. Tofauti ni kwamba siku moja ile kaboni itavunjika na kutoa chembe ya beta, nawe unaweza kuinasa.

Kabla hujaogopa neno mionzi: kaboni-14 iko kwenye kila kiumbe hai, kwa sababu hutengenezwa angani kila siku. Kilo moja ya nyanya za Kariakoo, zisizo na dawa yoyote, ina kaboni kama gramu 20, na humo ndani atomi nne au tano za kaboni-14 zinavunjika kila sekunde. Chembe zake za beta ni dhaifu, haziendi hata nusu mita hewani. Hata hivyo, kazi ya maabara inatumia viwango vya juu zaidi, na hapa kwetu huwezi kuingiza wala kutumia vyanzo vya mionzi bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Hatari kubwa ni kuimeza au kuivuta kwa pumzi, ndiyo maana hakuna anayekula chipsi ndani ya maabara hiyo.

Kwa nini mizani peke yake haioni alama

Mwanafunzi makini atauliza: kama DDT yenye alama ni nzito kwa 2, si spektrometa ya masi itaiona moja kwa moja? Kipande cha 235 kitakuwa 237, kazi imekwisha.

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mada hii. Klorini ya asili huja kwa aina mbili, 35 na 37, kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1. Tofauti yao ni 2. Kile kipande cha DDT kina klorini mbili, kwa hiyo hata DDT ya kawaida kabisa, isiyo na alama yoyote, ina kilele kwenye 235 na kingine kwenye 237. Kwa kila 100 za kwanza kuna kama 64 za pili. Yaani pale pale ulipotarajia kuona alama yako pameshajaa watu. Ni kama kumtafuta mtu aliyebeba chupa mbili za maji kwa kuwapima uzito wapita njia wa Mtaa wa Kongo, wakati theluthi yao na zaidi wametoka kununua chupa mbili za maji.

Na hesabu inazidi kuwa mbaya. Kwa uchache wa alama na kwa usalama, mtafiti huchanganya DDT kidogo yenye alama na DDT nyingi ya kawaida. Tuseme ameweka kwenye udongo mionzi ya bekereli 1,000, yaani mivunjiko 1,000 kwa sekunde, akachanganya na miligramu 1 ya DDT ya kawaida. Kiasi kile chenye alama ni maikrogramu 0.15 tu, sawa na molekuli 1 kati ya takriban 6,500. Kuona ongezeko hilo juu ya kilele ambacho tayari kina 64 kwa 100? Sahau.

Lakini kwa kifaa cha kuhesabu mionzi, bekereli 1,000 ni kelele kubwa. Klorini haitoi mlio wowote. Kwa hiyo kitu ambacho mizani haiwezi kukiona, kihesabu mionzi kinakisikia bila shida.

Kuzifanya mashine mbili zisikilize kwa pamoja

Dawa ya tatizo ni kugawa njia. Mwisho wa mrija wa GC unatiwa pacha. Tawi moja linaenda kwenye spektrometa ya masi, ambayo inajibu "huyu ni nani?" Tawi la pili linapita kwenye bomba la moto lenye oksaidi ya shaba, ambalo linaunguza kila kitu cha kaboni kuwa kabonidioksaidi, kisha gesi hiyo inaingia kwenye kihesabu mionzi kinachojibu "huyu ana alama yangu?" Ukiziweka chati mbili pamoja unaona kitu kitamu: kilele chenye mionzi kwenye dakika ambayo mizani inasema ni DDE. Sasa hakuna ubishi. DDE hii ni mtoto wa DDT uliyoweka wewe. Kilele kingine chenye DDE bila mionzi? Hicho kilikuwepo kabla hujafika.

Kuna kikwazo kimoja, nacho ni muda. Nusu-uhai ya kaboni-14 ni miaka 5,730. Kupata mvunjiko mmoja kwa sekunde unahitaji kuwa na atomi bilioni 260, zote zimekaa kimya isipokuwa moja. Na kilele cha GC kinapita mbele ya kihesabu kwa sekunde chache tu. Kama kilele kina bekereli 2 na kinapita kwa sekunde 5, utapata mivunjiko 10, na kwa kanuni ya bahati nasibu kosa lake ni kama 3 juu au chini. Namba hiyo huwezi kuitetea mbele ya msimamizi wako.

Ndiyo maana wengi huacha haraka. Wanakusanya kila kilele kwenye kichupa, wanakichanganya na kimiminika kinachotoa mwanga kidogo kila beta inapokipiga, halafu wanakiacha kihesabiwe. Bekereli 2 zile zile kwa dakika 30 zinakupa mivunjiko 3,600, na kosa linashuka chini ya asilimia 2. Subira inavuta heri, hata kwenye takwimu.

Ipo pia njia ya kifahari zaidi: spektrometri ya masi inayotumia kichapuzi cha chembe. Hii haisubiri kaboni-14 ivunjike, inazihesabu atomi zenyewe moja moja. Barani kwetu maabara ya aina hiyo iko Johannesburg, Afrika Kusini.

Nairobi walivyofunga hesabu

Majaribio ya aina hii yamefanyika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Nairobi, Joseph Lalah, Shem Wandiga na wenzao waliifuatilia DDT yenye kaboni-14 kwenye udongo wa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Ilikuwa miaka ambayo FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikuwa wakihimiza tafiti za namna hiyo katika nchi kadhaa za joto. Baadaye timu ya Wandiga iliifuata DDT yenye alama kwenye mfano wa mazingira ya bahari ya kitropiki pia.

Kwa kawaida jaribio la udongo linakwenda hivi. Unaweka DDT yenye alama, unajua umeweka mionzi kiasi gani. Hewa inayotoka juu ya udongo inapitishwa kwenye sponji inayonasa dawa iliyopaa, kisha kwenye alkali inayonasa kabonidioksaidi. Baada ya muda unauosha udongo kwa viyeyusho, na kile ulichokipata unakipitisha kwenye kromatografia ujue ni DDT, DDE au kingine. Udongo uliobaki unauunguza wote na kuhesabu mionzi iliyogoma kutoka. Halafu unajumlisha. Jumla isipokaribia 100, kuna mlango hujaufunga.

Angalia jinsi zile sababu nne za mwanzo zilivyopata kila moja kisanduku chake: alkali kwa iliyoisha, sponji kwa iliyopaa, GC kwa iliyobadilika jina, na jivu kwa iliyojificha.

Picha iliyotoka kwenye tafiti za nchi za joto ilishangaza wengi. DDT inatoweka kwenye udongo wetu haraka kuliko kwenye udongo wa nchi za baridi, ambako hukaa kwa miaka mingi. Ungeweza kushangilia. Lakini visanduku vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kutoweka huko ni kupaa: jua na joto vinaipandisha hewani. Sehemu nyingine inageuka DDE, ambayo nayo ni sugu. Kiasi kinachofika kuwa kabonidioksaidi ni kidogo. Shamba linasafika, lakini uchafu wenyewe uko safarini.

Bila alama, mtu mwenye GC peke yake angeandika kwamba DDT "huisha upesi" katika nchi za joto. Namba zake zingekuwa sahihi, maana yake ingekuwa ya kupotosha.

Alama isiyo na mionzi

Udhaifu mmoja wa kaboni-14 lazima tuuseme: alama huwekwa kabla. Hakuna aliyeitia alama DDT ya Vikuge, na huwezi kurudi nyuma kuiweka. Kwa sampuli za mtaani, maabara za leo hutumia binamu yake, kaboni-13, ambayo haina mionzi kabisa.

Mbinu yake ni rahisi na ya kijanja. Unachukua gramu 10 za nyanya, unaongeza nanogramu 100 za DDT ambayo kaboni zake 12 za pete zote ni kaboni-13. Kipande chake kinakuwa na uzito wa 247 badala ya 235. Tofauti ni 12, mbali na vurugu zote za klorini. Ukipoteza nusu ya sampuli wakati wa kuisafisha, unapoteza nusu ya zote mbili, lakini uwiano wao unabaki ule ule. Mashine ikikuonyesha 235 ni nusu ya 247, basi nyanya zilikuwa na nanogramu 50, sawa na miligramu 0.005 kwa kilo. Uzembe mdogo wa mkono hauharibu jibu.

Haya yanakuhusu vipi wewe?

Ingia duka lolote la pembejeo pale Kariakoo, geuza chupa ya kiuatilifu, tafuta idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Namba ile haikuokotwa. Inatokana na majaribio shambani ya kupima mabaki, na kabla ya hapo lazima ijulikane mabaki gani yatafutwe. Hapo ndipo alama inapotumika: mwongozo namba 501 wa OECD wa mwaka 2007, kwa mfano, unaeleza jinsi ya kuifuata dawa yenye alama ya mionzi ndani ya mmea, ili ijulikane imegeuka kuwa nini. Siku hizo mkulima akizikata kwa sababu bei ya nyanya imepanda, anaitupa kazi yote hiyo, na deni analihamishia kwenye sahani yako.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia "imepimwa, haikuonekana", uliza mambo matatu. Walitafuta dawa yenyewe tu, au na watoto wake? Mashine yao inaanzia kuona kiasi gani? Na kama kweli imepotea pale, kuna aliyehesabu ilikokwenda?

Anayeweza kujibu ya tatu, mara nyingi kuna mahali katika safari yake alipita mtu mwenye kaboni-14, vichupa vingi, na subira ya kutosha.